Kabula, umeniuliza nafanya nini siku nzima

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Kabula, mama yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua kidogo ila mdomo haujambo. Ujumbe wako niliupata, nikamsomea na yeye. Unasema hapo Dodoma kazi unayo, nyumba nzuri unayo, friji unayo, lakini ukirudi jioni unakaa na simu mpaka usingizi unakuchukua, na Jumapili ndiyo siku ndefu kuliko zote. Halafu unauliza: "Baba, umestaafu, pensheni yenyewe tunaijua, unafanya nini siku nzima mpaka unaonekana una raha hivyo?" Ukaomba nikuandikie nisipige, kwa kuwa nikipiga nitakuuliza tu kama umekula. Haya, naandika. Lakini umekula?

Kwanza tuelewane. Sikuandikii kusifia shida. Siku hizi kuna watu wanaopenda kusema maisha ya zamani yalikuwa matamu, eti tulipikia kuni, tulichota maji, tukacheka. Mtu akikwambia hivyo muulize kama aliwahi kupanda mawe ya Mabatini na ndoo kichwani. Bibi yako, huyo unayebeba jina lake, alipikia kuni maisha yake yote, macho mekundu, na sikumsikia hata mara moja akiusifu moshi. Hapa kwetu mtungi wa gesi ukiisha mama yako ananuna mpaka ujazwe, na ana haki. Raha ninayokueleza ni ya mtu ambaye maji yanatoka bombani. Yasipotoka, hilo ni shauri lingine.

Sasa jibu. Miaka yote uliyokuwa unakua mimi nilikuwa karani wa pamba. Nilipima pamba ya watu, nikaandika kilo, nikagonga muhuri, marobota yakapakiwa yakaenda zake. Shati lililotokana na pamba ile sijawahi kuliona. Kazi yako ya kompyuta nadhani iko hivyohivyo: unaandaa, unatuma, linakwenda, kesho yake linakuja jingine linalofanana nalo. Na simu ndiyo kabisa, unaisogeza kwa kidole na haifiki mwisho. Mimi sasa hivi nashika dagaa asubuhi wakiwa na vichwa vyao, saa saba mchana wako mezani, na anayewala namtazama usoni. Jibu langu lote ni hilo, mama. Yanayofuata ni maelezo.

Dagaa nawafuata mwenyewe Mwaloni, kwenye soko letu la samaki. Wewe ulikuwa hupapendi kwa sababu ya harufu, lakini kuna mengi ya kujua pale. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mwezi usipoonekana wavuvi wanawasha taa katikati ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wanazolewa. Usiku huo ukitoka uani kwetu ukatazama ziwani, utadhani kuna mtaa mwingine kule majini. Mbalamwezi ikikolea taa hazifui dafu, wavuvi wanapumzika, na bei inapanda. Kwa hiyo siku hizi mwezi naufuatilia kuliko kalenda ya ukutani, nanunua wakati wa giza na kuweka.

Halafu kuna dagaa wa mchangani na dagaa wa chanja. Waliokaushwa mchangani utawaosha mpaka mkono uchoke na bado jino litagonga changarawe. Waliokaushwa juu ya chanja wanang'aa, hawana vumbi, bei yao imezidi kidogo. Toa tu hiyo tofauti. Muuzaji atakuapia kwamba wote ni wa chanja, tena atakuita mama mkwe. Wewe chukua mmoja, tafuna hapohapo mbele yake.

Nikifika nyumbani nakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, ungo mapajani. Kichwa unakibana kwa kidole gumba na cha shahada, unakivuta kuelekea tumboni, na utumbo mweusi unatoka nacho. Huo mweusi ndio wenye uchungu. Wanaosema dagaa wachungu wamekula utumbo. Vichwa ni vya kuku, nao wanajua muda, wananizunguka hata kabla sijakaa. Mkono ukishazoea kichwa chako mwenyewe kinabaki huru. Naweza kumaliza ungo mzima huku nasikiliza Radio Free Africa na kubishana na mtangazaji.

Kupika ndiyo fupi. Waoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu, wachuje vizuri, mafuta kiasi, moto wa wastani. Usikilize. Mwanzoni karai linapiga kelele kwa sababu ya maji, kisha kelele zinapungua, halafu ukigeuza kwa mwiko unawasikia wanagongana kavukavu, kakara kakara. Hapo hapo tia kitunguu. Ukizubaa kidogo wameungua. Kisha nyanya, pilipili, na ndimu ije jiko likishazimwa. Kwa ugali wa udaga, ule wa muhogo, mama, usinitajie nyama.

Sato ni habari nyingine na haina maneno mengi. Awe mbichi, mashavu mekundu ndani, macho yamejaa. Maji, chumvi, kitunguu, nyanya, ndimu. Hao wanaotia bizari kwenye mchemsho wa sato mbichi wana samaki wa juzi wanamficha. Na nikiwakuta furu sokoni nawanunua hata kama sikupanga. Babu yako alikulia furu na ningu, kabla sangara hajaletwa ziwani katika miaka ya 1950. Sangara akawamaliza furu wa aina nyingi, waliobaki ni wadogo na wana miiba, ninyi watoto mlikuwa mnawakimbia. Mimi nikimla mmoja namkumbuka mzee alivyokuwa anatoa miiba mdomoni bila kukatisha hadithi.

Ila kazi ninayoipenda kuliko zote ni michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha. Hiyo inakuja mwezi wa sita na wa saba, mvua zimeisha, viazi vitamu vimejaa. Siku hizi vinatoka Sengerema na lori linafika siku hiyohiyo. Tangu Juni 2025 wanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, takribani kilomita 3 juu ya maji, wakati zamani viazi vilikuwa vinapigwa jua kwenye foleni ya kivuko. Nanunua gunia. Mama yako anasema sisi wawili gunia la nini. Simjibu.

Viazi usivimenye siku uliyovinunua. Viache vinyauke kidogo kivulini, ngozi ilegee, ndipo umenye na kukata vipande vyembamba, lakini si vyembamba vya kupitisha mwanga, maana hivyo vikikauka vinapeperuka. Halafu unakumbuka lile jiwe nyuma ya nyumba, mlilokuwa mnaserereka mpaka suruali zinatoboka? Ndiyo uanikio wangu. Nalifagia, nalimwagia maji, naliacha likauke. Ikifika saa nne huwezi kulikanyaga bila viatu. Jua linapiga kiazi juu, jiwe linakichoma chini. Watu wa tambarare hawana hiyo. Wanaanika juu ya mkeka na kugeuzageuza kutwa nzima. Mimi nageuza mchana tu, kisha nakaa pembeni na fimbo kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Jioni naingiza ndani, umande usivishike.

Kujua kama imekauka, chukua kipande ukivunje. Kikipinda, rudisha juani. Kikilia "ta", tayari. Ukiweka kilichopinda kwenye gunia, ukungu utaanzia hapo na kusambaa kwa vyote. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, wanaona vipande vya juu vimekauka wanafunga gunia, wakati vya chini bado vina maji. Vunja vya juu, vunja vya chini.

Matobolwa ni viazi hivyohivyo, ila unavichemsha kwanza ndipo unakata na kuanika. Vinakuwa vigumu na vitamu, unavitafuna hivyohivyo ukiwa njiani. Bibi yako alikuwa anatutilia mfukoni tukienda kuchunga. Vikauke vizuri tu, maana nzi wanavipenda kuliko sisi.

Niseme na habari ya mama yako, asije akadhani najisifia peke yangu. Bado anafuma vile vitambaa vya makochi ambavyo wewe na kaka yako mlivicheka. Na mimi nilivicheka, kwa siri. Juzi jioni alikuwa amekaribia kumaliza kimoja chenye maua, akakitazama, akaanza kukifumua. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ua moja lina jani pungufu. Nikavaa miwani, nikalitafuta hilo ua, sikuliona. Nikamwambia hakuna mgeni atakayeliona. Akasema, "Mimi nitaliona kila nikikaa." Akavuta uzi wote, taratibu, akauviringa upya, na alikuwa anaimba. Mtu aliyepoteza kazi ya jioni nzima haimbi, kwa hiyo nadhani hakupoteza. Mimi ufumaji sijui. Mkono wangu unaweza kuziba wavu tu, na kipande chakavu nilichopewa mwaloni nimekizungushia bustani ya mchicha. Kuku wamenichukia.

Sasa kuhusu hiyo Jumapili yako. Ninavyokujua, umeshaanza kutafuta dukani mizani ya jikoni, visu na mabakuli. Kizazi chenu mkitaka kuanza jambo mnaanza na kununua vifaa, vifaa vikifika hamu imekwisha. Una sufuria, una kisu, una gesi. Inatosha. Na usianze na mambo matano. Chagua chakula kimoja unachokipenda kweli, kipike kila Jumapili mpaka ukijue kwa kukisikia, siyo kwa kutazama video. Siku za kwanza kitakuwa cha kawaida tu. Kisha siku moja utajikuta uko ofisini unawaza kwamba safari hii kitunguu kiingie mapema. Na picha piga ukishaonja, chakula kinapoa.

Dodoma kuna jua na upepo mkavu kuliko huku kwetu. Wagogo wanakausha mboga zao za majani tangu enzi na enzi, waulize akina mama sokoni wanavyofanya, watakueleza bila kukuficha. Una kibaraza kizima umeweka viatu tu.

Kuna jambo moja hukuliuliza, ila naliona ndani ya swali lako. Umeniambia una mwaka kwenye nyumba hiyo na jirani yako unamjua kwa gari lake. Hapa kwetu kila nikikaanga dagaa sahani moja inavuka ukuta. Na sahani hairudi tupu, wewe unajua. Wiki iliyopita ilirudi na machungwa ya Ukerewe, kabla ya hapo ilirudi na mtoto aliyetumwa kuuliza kama ziko nyingine. Hivyo ndivyo tunavyojua nani anaumwa na nani kasafiri. Najua mjini kwenu mageti ni marefu na mtu anaweza kukutazama vibaya. Pika kidogo zaidi ya unavyoweza kumaliza, funika sahani, gonga. Akikataa, umepata chakula cha kesho. Akipokea, muombe akurudishie sahani mwenyewe, asimtume dada wa kazi.

Mama yako anasema nimekuwa mchungaji wa kanisa, nifike kwenye mzigo. Haya.

Mzigo utapanda basi la kesho alfajiri, stendi ya Nyegezi, jina lako liko juu. Namba ya kondakta nitakutumia kwa ujumbe, mpigie kabla hajafika, wasikuzungushe. Ndani kuna michembe kwenye mfuko mweupe na karanga zilizokwisha kukaangwa na kutwangwa. Michembe ioshe, ichemshe mpaka ilainike kabisa, punguza maji, mimina karanga na chumvi kidogo, koroga moto ukiwa mdogo isije ikashika chini. Ukipata maziwa mgando, kula nayo pembeni. Dagaa wako kwenye ndoo yenye mfuniko. Sijawachambua, nimefanya makusudi. Kitambaa kilichokunjwa juu ni cha mama yako, ndicho kile alichokifumua, ameshakimaliza. Kiweke kwenye kochi, asije akakuta siku akija umekifungia kabatini.

Na hao dagaa, ukikuta hata punje moja ya mchanga niambie. Aliyeniuzia namjua anapokaa.

Ni mimi baba yako.