Kabla ya kununua kadi ya sauti: kwa unayeanza kupiga muziki kwa laptopu

Kijana anayeanza kupiga muziki kwenye harusi na kicheni pati huja na swali lile lile: ninunue kadi gani ya sauti, kile kifaa cha kutolea sauti badala ya tundu la laptopu? Namjibu kwa swali: nyimbo zako umezitoa wapi? Kasoro nyingi tunazoisingizia laptopu zilikuwa tayari ndani ya faili, au zinaingia njiani kuelekea kwenye miksa, na kadi mpya haitaziondoa.

Tuanze na faili. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 320 imetupa sehemu kubwa ya hizo, lakini imetupa zaidi yale ambayo sikio haliyashiki, na ukumbini wenye watu wanaocheza hakuna atakayekuuliza. Ya 128 ni habari nyingine. Matoazi yanasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, na spika kubwa haifichi kitu. Tahadhari na tovuti zinazogeuza video kuwa MP3: zitakuandikia 320 wakati sauti ya video yenyewe haikuwa na ubora huo. Umeongeza ukubwa wa faili, basi. Pakua programu ya bure iitwayo Spek, iburuzie wimbo ndani, utazame mchoro. Ukikuta rangi zimekatika ghafla kwenye 16 kHz, kule kwenye sauti nyembamba za juu, wimbo huo karibu hakika ulipitia MP3 ya 128 au kitu cha aina hiyo, hata jina la faili liseme nini. Msanii au prodyuza unayemfahamu mwombe WAV, yaani faili ambayo haijapunguzwa. CD zako zinyonye kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote. (Taarabu za zamani zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti ziache na mvumo wake. Ukizisafisha kupita kiasi unaondoka na fidla pia.)

Waya ndio unaoaibisha watu zaidi. Dalili yake ni hii: wimbo unapiga, vinanda vipo, mwangwi upo, lakini sauti ya mwimbaji imepotea na besi imekonda. Mtu ataanza kuhangaika na ikwalaiza au kuilaumu laptopu. Tazama waya. Mara nyingi una pini ndogo ya stirio upande wa laptopu, na upande wa miksa una jeki moja kubwa yenye pete mbili nyeusi. Tundu la laini (line in) kwenye miksa nyingi huchukua tofauti kati ya nyaya mbili zinazoingia, na kinachofanana kwenye zote mbili hukifuta. Ndivyo linavyoua kelele za njiani. Sasa mwimbaji, kiki (ngoma kubwa) na besi kwa kawaida huwekwa katikati, yaani sawasawa kushoto na kulia. Vinafutwa pamoja na kelele. Dawa yake ni waya unaogawanyika: pini moja ya stirio kwa laptopu, jeki mbili za mono kwa miksa, kushoto na kulia. Ni waya wa bei ndogo. Beba miwili.

Mngurumo unaotoka kwenye spika hata muziki ukisimama ni suala la umeme. Chomoa chaja. Mngurumo ukinyamaza hapo hapo, laptopu ni nzima. Ethi ya chaja na ethi ya miksa zimefanya mzunguko kupitia waya wa sauti, na Hz 50 za umeme wetu zinapita humo. Kwanza chomeka miksa na chaja kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukibaki, weka katikati kiboksi cha DI chenye transfoma ndani, kinachopitisha sauti bila kuunganisha ethi, cha stirio au viwili. Kuna mafundi wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi ili kupata ukimya. Usifanye hivyo, na usimruhusu mtu afanye kwenye mitambo yako: siku kifaa kikivujisha umeme, utapita kwenye maikrofoni hadi mdomoni mwa MC.

Ndani ya Windows kazi ni ndogo. Zima milio ya mfumo, zima maboresho yote ya sauti, ondoa ile besi ya kubandika ya kampuni ya laptopu. Volyumu ya programu iache juu, ya laptopu chini kidogo ya mwisho, kisha rekebisha kwenye geini ya miksa. Sauti ikikatikakatika kwa vidoti, ongeza bafa, yaani akiba ya sauti ambayo laptopu huiandaa kabla ya kuipiga: sampuli 512 kwenye 44.1 kHz ni kama milisekunde 12, na kwa kupiga nyimbo tu hakuna atakayeona kuchelewa huko. Bluetooth achia simu za wageni.

Ukishapita hapo na bado unasikia vimilio vidogo kila ukisogeza mausi, au sauti inakwaruza kabla haijafika juu, ndipo kadi ya nje ya USB ina kazi. Hata ndogo kama Behringer UCA202, yenye biti 16 na 48 kHz, inatosha sherehe. Dukani ichomeke kwenye laptopu yako mwenyewe, vaa hedifoni, pandisha volyumu bila wimbo wowote, kisha fungua faili kubwa na usogeze mausi. Ukisikia mluzi, omba nyingine kabla hujatoa hela.