Asha aolewe na yupi?

Mwanangu,

Igizo lako nimelisoma mpaka mwisho, pamoja na yale uliyoyafuta. Unaniuliza: mashine ya kusafirishia watu ikikwama katikati, Zuberi mmoja akashukia Mirihi na Zuberi mwingine akabaki kwenye kibanda cha kuondokea, na wote wawili ni wachumba wa Asha, je, Asha aolewe na yupi? Nitakujibu. Ila kwanza niambie, mtazamaji atawatofautishaje?

Usicheke. Unakumbuka binamu zako, Kulwa na Doto, walivyopewa nafasi za nakala mbili za rubani, eti kwa kuwa ni pacha wa kufanana basi kazi imekwisha. Imekwisha wapi! Mavazi yale yale, nywele zile zile. Doto alipopiga magoti kuposa, watu wakadhani ndiye Kulwa aliyekwisha kukataliwa, wakaguna. Ule mguno mpaka leo unaniuma. Kilichookoa igizo ni kifungo cha koti la Kulwa: kilikatika, kikabaki kinaning'inia kwa uzi. Tangu hapo ukumbi mzima ukajua nani ni nani. Doto akiingia na kifungo chake kizima, kabla hajafungua mdomo, watu hoi kwa kicheko, na bibi harusi wa jukwaani haoni kitu.

Mtazamaji ajue, mhusika asijue. Nimekuimbia hilo tangu ulipokuwa ukiandika vichekesho nyuma ya daftari la hesabu. Shakespeare naye, kwenye The Comedy of Errors, hakutegemea sura tu, aliweka mkufu wa dhahabu: sonara anamkabidhi pacha ambaye hakuuagiza, kisha anakwenda kumdai yule ambaye hajauona.

Sasa, umemwita Zuberi wa pili kloni, yaani kiumbe aliyeoteshwa kutokana na seli ya mwingine. Futa. Kloni huanzia kwenye kiinitete na huzaliwa kichanga, kwa hiyo Asha itabidi amlee mchumba wake kwanza. Tena si lazima wafanane. Yule paka CC, aliyezaliwa mwaka 2001 kwa njia hiyo, hakuwa na rangi ya machungwa aliyokuwa nayo paka aliyetolewa seli. Wako ni nakala ya mashine, na nakala hiyo fizikia inaikataa: tangu 1982 inajulikana kuwa hali ya kwanta, yaani hali ya chembe ndogo kabisa kama elektroni, usiyoijua hainakiliki sawasawa, na katika mpango wa usafirishaji wa kwanta uliotolewa mwaka 1993, hali ya awali lazima ipotee ndipo ya pili itokee. Haidhuru, ni kichekesho. Mashine ivunje sheria, lakini ivunje mara moja tu, na tuone fundi akipiga kitufe mara mbili kwa papara.

Saa ya kitufe hicho iandike. Yote ya kabla yake ni ya wote wawili: posa, ahadi, aibu ya kumwagia baba mkwe chai. Ya baadaye kila mtu ana yake. Chora safu mbili, na kwa kila onyesho uandike nani anajua nini. Onyesho lako la nne limeharibika hapo hapo, maana Zuberi wa Mirihi anaomba radhi kwa ugomvi aliougombana mwenzake. Ukiliacha hivyo ni kosa. Ila ukimfanya aombe radhi bila kujua ya nini, kwa sababu anajijua alivyo, hutahitaji kuongeza neno.

Na pete? Ilikuwa mfukoni, kwa hiyo imenakiliwa nayo. Mashine iigeuze ile ya Mirihi kama kwenye kioo, jina la Asha lisomeke kinyumenyume. Hicho ndicho kifungo chako. Zuberi mwenyewe usimgeuze mwili: sukari na protini zetu zina upande wake, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na aliyegeuzwa chakula chetu hakitamfaa. Au... njaa ya bwana harusi mezani kwa wakwe ingechekesha. Hapana, acha, hilo ni igizo jingine.

Kwa kuwa una mwigizaji mmoja wa Zuberi wote wawili, kila akitoka wape wengine mistari kama kumi ili abadili koti. Wawili wasikutane mpaka onyesho la mwisho, maana wakionana tu, mkanganyiko wote umekwisha. Hapo mmoja avae kofia ya anga yenye kioo cheusi, ndani awe mtu yeyote wa kimo kile.

Haya, Asha. Wa kibandani hakwenda popote, kwa hiyo ndiye yule yule. Lakini wa Mirihi ndiye aliyefika, na kufika ndiko kulikoahidiwa. Hoja ya wakili hiyo. Aliyebaki kwa hitilafu ya mashine ana kosa gani? Moyo wangu unamwelekea mmoja, na ungekuwa hapa ningekwisha kumtaja. Simtaji. Asha mwenyewe hujampa hata mstari mmoja wa kusema anamtaka nani. Mwandikie huo, kisha uniletee tena.

Na huyo roboti wa mapokezi mpunguzie maneno, anaeleza mno.

Mama yako