Gemu Zinazoleta Kichefuchefu

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwanangu wa miaka 14 akicheza gemu zinazoonyesha kila kitu kwa macho ya mhusika, hutokwa jasho na kutaka kutapika, ilhali gemu za mpira hazimdhuru. Je, ni ugonjwa?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Huo si ugonjwa. Abiria anayesoma simu ndani ya basi linalopanda kona za Marangu huhisi mwendo kwa sikio la ndani huku macho yakiona kitu kilichotulia. Kwa mwanao ni kinyume chake, macho huona mwendo ilhali mwili umekaa kitini, na ubongo unaopokea habari mbili zinazopingana ndio unaochafua tumbo. Kwenye mpira, kamera hukaa mbali na haiyumbi.

Anzeni na mipangilio ya gemu yenyewe. Upana wa mwono (field of view), yaani ukubwa wa eneo linaloonekana kwenye skrini kwa mara moja, ukiwa nyuzi 60 au 70, uongezeni hadi karibu 90 ikiwa gemu inaruhusu, kisha zimeni mtikisiko wa kichwa mhusika anapotembea pamoja na ukungu unaofunika picha anapogeuka. Aketi mbali na skrini, taa ikiwaka, ili aone pia ukuta usiosogea.

Zaidi ya yote, aache kucheza mara tu jasho linapoanza. Vijana wengi hujikaza, nami naomba sana asifanye hivyo, kwa kuwa kichefuchefu kikishakolea huweza kudumu kwa saa kadhaa. Akipata kizunguzungu hata asipocheza, mpelekeni kwa daktari.