Maswali ya Wasomaji: Kijineno Kinachoandamana na Kitenzi cha Kiingereza

SWALI: Hujambo, Mwalimu? Binti yangu anasoma sekondari hapa Kisumu. Juma lililopita alirudi nyumbani na insha ya Kiingereza iliyosahihishwa, na katika sentensi "The baby was looked after by her aunt", neno "after" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa kwamba vihusishi viwili havifuatani. Mimi nilifundishwa kwamba "look after" ni kulea au kutunza, lakini nilishindwa kumweleza mtoto ni kwa nini neno hilo libaki pale baada ya sentensi kugeuzwa. Ni nani aliyekosea? – Mama wa mwanafunzi, Kondele, Kisumu.

JIBU: Mama, binti yako hakukosea. Sentensi yake ni sahihi kama alivyoiandika, na ni kule kuliondoa neno "after" ndiko kunakoiharibu, kwa maana "The baby was looked by her aunt" haina maana yoyote katika Kiingereza.

Tuanze na sentensi kabla haijageuzwa: "Her aunt looked after the baby." Ingawa yameandikwa maneno mawili, "look after" ni kitenzi kimoja chenye maana moja, na maana hiyo haipatikani ukilitazama "look" peke yake, ambalo ni kutazama, wala "after" peke yake, ambalo ni baada ya. Sentensi inapoingia katika kauli ya kutendwa, shamirisho, yaani mtoto, huhamia mwanzoni na kuwa kiima, kitenzi kikatanguliwa na "was", lakini kijineno "after" hakina pa kuhamia kwa sababu ni sehemu ya kitenzi chenyewe. Hilo "by" limetoka kwingine kabisa. Linafanya kazi ambayo kwetu hufanywa na "na" tunaposema mtoto alilelewa na shangazi yake. Kwa hiyo maneno hayo mawili yamekaa jirani tu, kila moja lina mwenyewe: "after" ni la "looked", na "by" ni la "her aunt". Mwambie binti yako aisome sentensi hiyo kwa sauti na kutua kidogo baada ya "after", naye atasikia mahali mpaka ulipo.

Lugha yetu wenyewe ina kipimo kizuri cha jambo hili, na ninasikitika kwamba hatukitumii darasani. Chukua kitenzi "pika". Ukisema "Mgeni alipikiwa", kila mtu anaelewa kwamba kuna chakula kilichoandaliwa kwa ajili yake. Ukiidondosha ile "i" ndogo iliyo katikati, unapata "Mgeni alipikwa", na hapo mgeni mwenyewe ndiye aliyetiwa chunguni. Irabu moja tu imeondoka, na mtu amegeuka kitoweo! Hiyo "i" ni alama ya kauli ya kutendea, nayo hubeba ndani ya kitenzi uhusiano ambao Kiingereza huuonyesha kwa kijineno kinachosimama nje, nyuma ya kitenzi. Nasi tunapoingiza "w" ya kutendwa hatuthubutu kuitupa ile "i". Inabaki mahali pake na "w" inaifuata: pik-i-w-a. Mwingereza naye hakitupi kijineno chake anapogeuza sentensi. Tofauti ni kwamba cha kwake kinaonekana kama neno linalojitegemea, na ndiyo maana kalamu nyekundu hukifikia kwa urahisi.

Nadhani pia kosa hili linatokana na tafsiri iliyomo vichwani mwetu. "Tunza" ni neno moja, kwa hiyo mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili, au kwa Dholuo au Kiluhya, akishaandika "looked" huona amemaliza kazi. Ndiyo sababu tunasikia mara kwa mara kwamba mgonjwa "was operated", ilhali mgonjwa aliyepasuliwa "was operated on". Mahali pengine kudondosha kijineno hakuifanyi sentensi iwe mbovu, bali huipa maana nyingine bila mwandishi kujua, na hilo ni baya zaidi. "The shop was broken into" ni duka lililovunjwa na wezi wakaingia. "The shop was broken" humfanya msomaji ajiulize ni nini kilichovunjika. Mzee aliyegongwa na bodaboda "was run over". Ukiandika "was run" tu, hujasema kwamba amegongwa.

Kuna vitenzi vinavyoandamana na vijineno viwili, navyo pia huhama na jamaa zao wote. Tangu adhabu ya viboko ipigwe marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, tunaweza kuandika "Caning was done away with in 2001", na hakuna hata neno moja la kupunguza hapo. Mwanamke anayeheshimiwa na kijiji kizima "is looked up to by the whole village": "up", "to" na "by" zimepangana foleni, na zote zina kazi.

Hofu ya kuviona vihusishi vikining'inia mwishoni au vikigusana ina historia ndefu. Mwaka 1672 mshairi wa Uingereza John Dryden alimlaumu Ben Jonson, mwandishi aliyemtangulia, kwa kumaliza sentensi kwa kihusishi, na waandishi wa sarufi waliofuata wakaendelea kulihubiri jambo hilo wakitazama Kilatini, lugha ambayo haiachi kihusishi peke yake. Lakini Kiingereza si Kilatini, na katika kauli ya kutendwa hakuna njia nyingine: "looked after" isipobaki pamoja, sentensi haipo.

Hata hivyo, si kila kitenzi na kijineno chake hukubali kugeuzwa, na hapa sikio la Kiswahili linasaidia tena. Tunasema "Uamuzi ulifikiwa", na Kiingereza kinasema "A decision was arrived at" bila tatizo. Lakini aliyetoka Nakuru akafika Kisumu jioni hasemi "Kisumu ilifikiwa jioni", na "Kisumu was arrived at in the evening" pia inakwaruza masikio. Uamuzi ni tokeo la kazi ya waliokaa wakajadiliana. Mji ulikuwapo, na kufika kwa msafiri hakuubadilishi.

Ninaomba binti yako amwendee mwalimu wake kwa adabu, si mbele ya darasa, akiwa na sentensi zote mbili, ya kutenda na ya kutendwa, zimeandikwa moja chini ya nyingine. Walimu wengi wakiona kitenzi kile kile mahali pote pawili wataurudisha wino wao.

SWALI: Mwalimu, niliandika barua kazini kueleza sababu ya kuchelewa: "Our matatu was broken down at Mau Summit." Msimamizi wangu alisema "was" haifai, lakini hakunieleza sababu. – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu, msimamizi wako alisema kweli, na sababu umekuwa nayo tangu utotoni. Tofautisha "Gari liliharibika" na "Gari liliharibiwa". La kwanza limeharibika lenyewe barabarani, na hakuna anayelaumiwa. La pili kuna mtu aliyeliharibu. "Broke down" katika maana ya gari kukwama ni sawa na hilo la kwanza, ile kauli yetu ya kutendeka, na kwa kuwa halina shamirisho, hakuna cha kuhamishia mwanzoni. "Turn up" na "grow up" ni ndugu zake. Wanachama wasiofika kwenye chama "did not turn up", kamwe si "were not turned up".

Tahadhari moja: "break down" ina maana nyingine inayokubali kutendwa, kama mlango uliovunjwa na polisi, "The door was broken down by the police". Ukiandika "was" katika barua yako, msomaji anaweza kudhani kuna watu waliolivunjavunja matatu lenu pale Mau Summit. Andika "Our matatu broke down at Mau Summit". Na ikiwa mkutano uliahirishwa kwa sababu hiyo, hapo sasa tumia "was" bila wasiwasi, kwa maana mkutano haujiahirishi: "The meeting was put off until Monday."