Kimbunga kinakuja, kuku niwaweke wapi?

SWALI: Niko Kilwa, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wametangaza kimbunga, banda langu la kuku ni la makuti, nifanyeje?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Pole dada. Banda hilo usilitegemee kabisa, nyie wa pwani upepo wa kimbunga Hidaya wa Mei 2024 mnaukumbuka. Wakamate usiku wakishalala, hawasumbui, watie kwenye matenga bila kuwabananisha maana joto linawaua haraka, halafu yaweke stoo, juu ya meza, maji yakiingia wasizame. Pumba iwe kwenye ndoo ya mfuniko, madumu ya maji jaza mapema kabla kisima hakijachafuka, simu chaji. Ila mkiambiwa muhame, hameni jamani, wafungulie kuku, usirudi kuwafuata.