Kiwanja cha Fairbanks: chini kuna barafu au hakuna?

Ndugu, umeuliza iweje kiwanja cha jirani huko Fairbanks, Alaska, kiwe na udongo ulioganda mwaka mzima, na chako huenda hakina. Ukanda huo ardhi yake imeganda kwa mabaka: baka moja dogo kama ua wa nyumba, jingine limejaza bonde. Mteremko unaotazama kusini hupigwa na jua, mara nyingi ni salama. Unaotazama kaskazini, na mabondeni, shuku. Ukikanyaga kuvumwani (mimea mifupi laini inayotanda ardhini) nene kama godoro, na misprusi myeusi, miti jamii ya misonobari, imedumaa na kuinama, barafu huenda ipo. Mibetula mirefu, miti ya gome jeupe, ni dalili njema.

Ila nakusihi, usinunue kwa macho tu. Toboa mashimo kadhaa pale msingi utakapokaa. Shimo moja laweza kulikosa baka lililo hatua chache pembeni. Joto la nyumba likiliyeyusha, sakafu hudidimia upande.