Maswali yenu: Sorbeti ya matunda wakati wa kusi

Kusi, upepo wa kusini uletao msimu wa baridi, imekaza hapa Malindi. Mwani umerundikana ufuoni, ngalawa nyingi zimefungwa, na usiku watu wanatafuta shuka nzito. Huu ndio wakati ambao nyumba nyingi huacha mambo ya barafu mpaka kaskazi irudi na joto lake. Mimi naona tunajinyima bure. Kwenye baridi ndipo friza hufanya kazi vizuri, barafu ya kununua haiyeyuki mbio, na sorbeti haigeuki maji kabla haijafika mezani. Sorbeti ninayosema ni ile barafu laini ya matunda isiyotiwa maziwa. Nimechagua maswali sita kati ya mliyoniletea.

Shikamoo bibi. Nilisaga maembe na maji, nikatia sukari vijiko vitatu tu ili isizidi utamu, nikaweka kwenye friza. Asubuhi nikakuta jiwe, hata kisu hakiingii. Nimekosea wapi? (Msomaji, Watamu)

Marahaba mwanangu. Umeibania sukari. Kwenye sorbeti sukari ina kazi mbili, na utamu ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuyazuia maji yasigande yote. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yakiwa na sukari hutaka baridi zaidi, na hata ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki shira kidogo isiyoganda katikati ya punje za barafu. Shira hiyo ndiyo inayokifanya kijiko kiingie. Isipokuwepo, punje hushikana zote zikawa bonge moja.

Kipimo changu ni hiki: sukari yote, ya tunda lenyewe pamoja na unayotia, iwe kama robo ya uzito wa mchanganyiko. Ikikaribia thuluthi haitashikana, utakula uji wa baridi. Kwa kilo moja ya embe lililosagwa natia gramu 200 za sukari, mililita 150 za maji na ndimu mbili. Chemsha maji na sukari pamoja mpaka iyeyuke yote iwe shira nyepesi, nyepesi sana kuliko ile ya kaimati, uiache ipoe kabisa ndipo uchanganye. Kisha onja. Kabla haijaganda inatakiwa ikuzidi utamu kidogo, kwa sababu ulimi uliopoa hauonji sukari sawasawa. Usiogope hapo, ikishaganda itakaa vizuri mdomoni.

Ukipata ngowe, hiyo husagika ikawa laini bila taabu. Dodo lina nyuzinyuzi, lipitishe kwenye chujio.

Kwa vitu vya majimaji kama ndimu na ukwaju kuna njia nzuri ya kujua kama sukari imetosha, nayo haitaki mizani. Chukua yai bichi ambalo bado ni jipya, lioshe kwa sabuni, kisha litumbukize kwenye glasi ya mchanganyiko uliopoa. Likizama, ongeza shira. Likielea na sehemu ya ganda inayotokeza juu ikawa na ukubwa wa sarafu ya shilingi, hapo pamefika. Likitokeza zaidi ya hapo, ongeza maji au juisi. Ile ya glasi usiirudishe kwenye sufuria, imwage. Kwa rojo zito la embe au papai yai halisemi kweli, maana hushikiliwa na uzito wa tunda.

Baada ya hapo ni kukoroga. Weka mchanganyiko kwenye chombo kipana cha bati, si kirefu, na kila nusu saa utoe, ukwangue kandokando kwa uma, uvuruge, urudishe. Saa tatu au nne zinatosha. Unayemiliki blenda yenye nguvu, acha igande, ikate vipande, isage, uigandishe tena. Wakati wa kula itoe friza uiweke upande wa chini wa friji dakika 15. Au hata 20.

Mama mkwe amenikataza kuwapa watoto barafu wakati wa kusi, anasema inaleta mafua na kikohozi. Ni kweli? (Mama wa watoto wawili, Mambrui)

Mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu mwingine: mkononi, kwenye kikombe kimoja, kwenye chafya. Kusi inatukusanya ndani madirisha yakiwa yamefungwa, ndiyo maana tunaambukizana. Sorbeti haina mkono hapo. Koo likiuma, kitu baridi hata hulituliza. Ila mtoto mwenye pumu, na umemwona mwenyewe akikohoa kila akila baridi, mpunguzie.

Mkwe wako lakini ana haki ya kuogopa jambo jingine, na hili nataka kila anayegandisha chochote alishike: baridi haiui vijidudu. Maji ya kisima yenye kipindupindu au homa ya matumbo yakigandishwa, vijidudu vingi hulala tu, na barafu ikiyeyuka tumboni vinaamka. Ndiyo maana ninasisitiza shira ichemke, itokote hasa, isiwe sukari iliyokorogwa kwenye maji ya mtungi. Tunda lioshe kabla hujalimenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani. Ukishafanya hayo, mweleze mkwe taratibu, na bakuli la kwanza mpe yeye.

Sina friza na umeme wenyewe unakatika. Naweza kutengeneza? (Kijana wa Shela, Lamu)

Unaweza, na pengine itakuwa laini kushinda ya friza. Unahitaji barafu, chumvi na mkono usiochoka.

Nunua barafu kwa wale wanaowauzia wavuvi. Hiyo haiingii kwenye chakula hata kidogo, inakaa nje ya chombo tu. Iponde ikiwa ndani ya gunia. Chumvi tafuta ya mawe, ile chafuchafu ya bei nafuu inayotoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hapa kaskazini ya Malindi. Ya mezani iliyosagwa utamaliza pakiti nyingi bure. Kwa kila kilo tatu za barafu tia kilo moja ya chumvi, tabaka kwa tabaka, kwenye ndoo au karai. Katikati kaza sufuria ya alumini yenye mchanganyiko wako, uliopoa tayari, usijae zaidi ya nusu, na uifunike.

Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya sifuri. Barafu haiyeyuki bila kunyonya joto, na joto la karibu ni lile la sufuria yako, kwa hiyo inalivuta kutoka huko. Chumvi na barafu vikichanganyika kwa kipimo barabara vinaweza kushuka mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwenye ndoo ya nyumbani hutafika huko, lakini utakwenda chini ya kutosha. Izungushe sufuria kwa mikono, nusu mzunguko kwenda na nusu kurudi, na kila dakika tano funua ukwangue kandokando kwa mwiko. Utaona kwanza ukungu mweupe ukiganda nje ya sufuria, halafu tabaka jembamba ndani, halafu yote inakuwa nzito mpaka mwiko unasimama. Kama nusu saa hivi, au dakika arobaini. Kabla ya kufunua futa mfuniko kila mara, tone moja la maji ya chumvi likiingia linaharibu ladha nzima. Ukimaliza usiyamwage maji hayo kwenye mimea.

Mwezi wa Februari kazi hii hula barafu nyingi sana, nusu inaishia kwenye hewa. Sasa hivi, kwa upepo huu, ni rahisi.

Assalam aleikum. Mimi ni mtu wa Lamu, niko Toronto. Huku ikifika Januari kila kitu kimeganda, na wanangu wanataka sorbeti ya embe niliyowasimulia. Naweza kuiweka tu nje kwenye baridi? Na embe nitatoa wapi? (Msomaji wa ng'ambo)

Waaleikum salaam, dada. Nje panafaa, lakini si kila siku ya baridi inatosha. Mchanganyiko wenye robo ya sukari huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri bado ni mtepeto, utakoroga mpaka usiku bila kuona sorbeti. Subiri usiku wa nyuzi 12 chini ya sifuri au zaidi. Tumia bakuli la chuma, maana plastiki hupitisha baridi polepole. Liweke kivulini, lifunike kwa mfuniko mzito, kwa sababu huko kuna rakuni wanaojua kufungua vitu, na kila nusu saa toka ukoroge. Siku isiyofika baridi hiyo, jaza ndoo theluji badala ya barafu, tia chumvi kwa kipimo kilekile nilichompa kijana wa Shela, na uifanyie hata jikoni. Theluji yenyewe usiichanganye na chakula. Imeshuka na moshi wa mji.

Kuhusu embe, usinunue lile bichi lililosafiri likiwa gumu, halina harufu. Chukua vipande vya embe vilivyogandishwa tayari, hugandishwa embe likiwa limeiva. Au nenda maduka ya Wahindi ukatafute rojo la embe la kopo, la embe za aina ya Kesar au Alphonso. Soma kopo kwanza, mengi yametiwa sukari, basi punguza ya kwako mpaka nusu na uongeze ndimu.

Lakini ningekuwa huko ningewatengenezea pia ya machungwa. Baridi ya kwenu ndiyo msimu wa machungwa na chenza kwa nchi za kaskazini, yanafika dukani yakiwa na maji tele, hata yale mekundu ndani. Kwaruza ganda la chungwa moja, lile la rangi tu bila weupe wake mchungu, ulichemshe na shira pamoja na mbegu tatu za iliki. Juisi mililita 700, sukari gramu 150, maji mililita 100, ndimu moja. Wanao watapata cha huko chenye harufu ya nyumbani.

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Kuna sorbeti isiyo na sukari? (Msomaji, Malindi mjini)

Laini kama hiyo ya juu, hapana. Mfanyie barafu ya kukwangua: juisi ya ndimu na maji na majani ya nanaa, igandishe kwenye sinia na uikwangue kwa uma mpaka iwe chembechembe, ailie papo hapo. Ndizi zilizogandishwa na kusagwa hutoa kitu laini bila sukari ya kutia, ila ndizi ina sukari yake nyingi, na asali nayo ni sukari vilevile. Kiasi chake aulizane na kliniki yake.

Nauza barafu za ukwaju nyumbani Maweni. Kusi ikiingia wateja wanakatika. Nifunge biashara? (Muuzaji)

Usifunge, badilisha ladha. Wakati wa baridi watu hawataki ubaridi mtupu, wanataka kitu kinachowasha kidogo. Wewe una ukwaju, na mtu wa pwani tangu utotoni anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili, kwa hiyo soko lipo. Loweka gramu 200 za ukwaju kwenye mililita 700 za maji ya moto, ufikiche, uchuje upate kama mililita 600. Sukari gramu 200 na zaidi kidogo, kipande cha tangawizi mbichi ya kidole kimoja kilichopondwa, vichemke pamoja na hayo maji ya ukwaju. Ikipoa tia chumvi ya kuonja na pilipili ya unga kwa ncha ya kisu. Igandishe ukikwangua, isiwe barafu ngumu ya kunyonya.

Iuze kwa vikombe vidogo vya karatasi na kijiko. Ile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na sorbeti haifai kwenye mfuko hata hivyo. Badili na saa: acha asubuhi, toa baada ya Alasiri watoto wakitoka madrasa, na jioni wakubwa wakimaliza kula viazi karai na mishikaki barabarani. Mdomo ukiwa umejaa mafuta na pilipili, ukwaju wa baridi unatafutwa hata kusi ikivuma. Anza na chombo kimoja kwa siku, uone kinaisha saa ngapi, ndipo uongeze.